MTOTO WA NYOKA NI NYOKA, LAKINI RANGI JE?

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sina ubishi nao. Ila hawakutuambia mtoto huyo atakuwa wa rangi gani. Swali hili laonekana la mchezo, lakini kwa maoni yangu, kutolijua jibu lake kumevunja nyumba za watu.

Najua wengi wenu mkisikia nyoka mwatafuta fimbo kwanza. Lakini Marekani na Ulaya kuna watu wafugao nyoka kwa ajili ya rangi tu. Mmoja wa nyoka hao ni wa kwetu, tena wamempa jina la nchi yetu: boa wa mchangani wa Kenya. Ni mfupi, mnene, hana sumu, na hujifukia mchangani katika sehemu kavu. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Kwa kawaida ana rangi ya machungwa na mabaka ya kahawia iliyokoza. Kwa wafugaji wametokea wasio na weusi, wasio na ile rangi ya machungwa, na waliokosa zote mbili. Hawa wa mwisho huwa weupe, nao huitwa theluji.

Wafugaji hutabirije? Kila nyoka ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya kukosa weusi hujificha: mwenye nakala moja tu huonekana wa kawaida kabisa. Wakutanishe wawili wa namna hiyo, na kila mtoto atakuwa na nafasi 1 katika 4 ya kukosa weusi. Hesabu ni ileile ya njegere za Mendel, aliyoichapisha mwaka 1866, nasi twaikariri darasani: 3 kwa 1.

Hapa ndipo nina neno. Wengi wetu twaichukua 3 kwa 1 kama mgao wa sukari, ati wakizaliwa wanne lazima mmoja awe tofauti. Sivyo! Ni kama kurusha shilingi: kila mtoto huanza upya. Wazazi hao wakipata watoto 8, bado kuna nafasi kama 1 katika 10 kwamba wote watatoka wa kawaida. Na wazazi wakiwa wameficha jeni zote mbili, nafasi ya theluji ni 1 katika 16. Hata hivyo, wakizaa watoto 16 kamili, zaidi kidogo ya mara 1 katika 3 hapatoki theluji hata mmoja. Mfugaji hukubali matokeo. Hasemi ati nyoka jike ametoka nje ya ndoa!

Siwafananishi watu na nyoka, la hasha. Lakini ualbino wa watu nao hurithiwa kwa njia hiyohiyo. Baba mweusi, mama mweusi, kila mmoja ana jeni moja iliyojificha, na kila mimba ina nafasi 1 katika 4. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino hapa Kenya. Wengi wao wamezaliwa na wazazi wasioonyesha dalili yoyote.

Sasa sikiliza maneno ya mitaani, hata hapa kwetu Kiembeni: ati mama amezaa na mzungu, ati ni laana. Jamani! Mama peke yake hawezi kumpa mtoto nakala mbili. Moja lazima itoke kwa baba. Basi kwa nini afukuzwe mmoja, na jeni wametoa wawili? Na wale wanaosema "mmoja ameshapita, watatu wajao wako salama" nao wamekosea, kwa kuwa kila mimba ina hesabu yake.

Kwa hivyo, nawaomba wenzangu tusiache somo hili kwenye karatasi ya mtihani. Tulipeleke nyumbani, tumweleze shangazi, mjomba na jirani kwa Kiswahili wanachokielewa. Tangu mwaka 2015, tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu ualbino. Chama chetu kingeweza kuiadhimisha kwa mjadala au mchezo wa kuigiza. Usilolijua ni kama usiku wa giza, nasi taa tunayo mkononi.