Mpini Mrefu Si Uvivu

Wengi husema kwamba jembe la mpini mrefu ni la mvivu. Mimi nakataa. Mama anayelima ameinama tangu asubuhi, na mtoto mgongoni, huumiza kiuno chake. Na dawa haitamsaidia sana akirudia jembe lile lile. Huko California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilikatazwa mashambani mwaka 1975, kwa sababu liliharibu migongo ya watenda kazi.

Wewe baba, mkatie mke wako mpini unaofika kifuani. Naye asimame mguu mmoja mbele, akunje magoti kidogo, asiinue jembe juu sana. Uzito wake ufanye kazi. Mwili ni hekalu la Mungu. Kuutunza si uvivu, ni utii.