Epatiti B: kipimo kimoja cha ini hakitoshi

Bukavu – Baba mmoja wa Kadutu alienda kutoa damu kwa ajili ya mke wake aliyekuwa amejifungua. Damu ilikataliwa, walikuta ana epatiti B. Akatumwa kupima ini, akalipa kutoka mfukoni, na karatasi ikarudi imeandikwa «kawaida». Akaambiwa aende nyumbani, hana shida. Ni miaka 3 sasa, na hajapimwa tena.

Kwa maoni yangu, baba huyu aliambiwa nusu ya ukweli.

Kipimo hicho, ambacho maabara zetu huandika ALAT na ASAT, kinaangalia vimeng'enya vinavyomwagika katika damu wakati chembe za ini zinaumizwa. Vikiwa chini, maana yake ini lilikuwa limetulia siku ile. Hakisemi kitu juu ya mwaka ujao. Virusi vya epatiti B hulala, kisha huamka. Wako hata watu ambao ini lao limeshaanza kuwa na makovu na ALAT ingali ya kawaida. Tena lotoko na baadhi ya dawa za kienyeji zinaweza kuipandisha bila virusi kuhusika.

Hata neno «kawaida» lina mashaka. Karatasi nyingine zinaweka mpaka kwenye 40. Shirika la Afya Duniani (OMS), katika mwongozo wake wa mwaka 2024, limeweka 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Mama mwenye 35 anaweza kurudishwa nyumbani akiwa anahitaji kufuatiliwa.

Wengine watasema vipimo vikubwa viko mbali na ni vya bei kali. Ni kweli. Lakini mwongozo huohuo unakubali hesabu rahisi: ASAT pamoja na idadi ya plaketi, zile chembe zinazogandisha damu. Hesabu hiyo ikipita 0.5 kwa mtu mzima, anastahili dawa. Na dawa yenyewe, tenofoviri, imo tayari ndani ya vidonge wanavyopewa wagonjwa wa UKIMWI.

Kwa hiyo ninaomba zoni zetu za afya mambo matatu. Kila anayekutwa na epatiti B aandikwe katika daftari na apewe tarehe ya kurudi, kila miezi 6, kama tunavyofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Bei ya vipimo hivyo ishushwe. Mke au mume na watoto wapimwe pia, na wasio na virusi wachanjwe.

Nawe ndugu msomaji, kama karatasi yako ya zamani imelala kabatini, itoe, urudi upimwe. Ini huanza kulalamika wakati limekwisha kuharibika. Baba wa Kadutu nimemwambia hivyo, na wiki hii ameahidi kwenda pamoja na mke wake.