Picha Kwanza, Koleo Baadaye

Katika hospitali zetu nyingi, dawa ya jino linalouma imezoeleka kuwa moja tu: kung'oa. Mgonjwa huja ameshika shavu, daktari humtazama kwa kioo kidogo, hupigwa sindano ya ganzi, na koleo humaliza kazi. Hatuwalaumu madaktari wa meno. Mara nyingi mgonjwa huja amekwisha kuchelewa, wala haombi jingine ila aondolewe maumivu. Lakini hatuna budi kuuliza ni meno mangapi yangepona, laiti daktari angeona kilichomo ndani.

Kioo huonyesha sehemu ya nje tu. Hakionyeshi tundu lililojificha kati ya jino na jino, madhara ya usaha kwenye ncha ya mzizi, wala gego la mwisho lililolala ubavu ndani ya taya. Hayo huonekana kwa picha ya eksirei. Elimu hii si ngeni. Profesa Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi hiyo mwaka 1895, na mapema mwaka 1896 Otto Walkhoff, tabibu wa meno wa nchi hiyo hiyo, alipiga picha ya meno yake mwenyewe kwa muda wa dakika 25. Leo kazi hiyo haifiki hata sekunde moja.

Zamani udhuru wa hospitali ulikuwa na uzito. Filamu ziliagizwa kutoka ng'ambo, dawa za kuzisafishia ziliharibika, na chumba cha giza kilihitaji maji na msimamizi. Lakini mwaka 1987 Mfaransa Francis Mouyen alitoa chombo cha kupokea picha ya jino bila filamu, na tangu hapo mambo yamekuwa yakibadilika. Sasa picha huonekana kwenye kompyuta papo hapo, tena kwa mionzi michache kuliko ile ya filamu za zamani.

Mabadiliko haya ni ya heri, ila yana hatari mbili. Ya kwanza ni mtambo kupokewa kwa sherehe, kisha ukafunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri au fundi. Ya pili ni urahisi kuzaa mazoea, kila aingiaye akapigwa picha ili mradi ada ilipwe. Ni kweli kwamba mionzi ya picha moja ndogo ya jino haizidi ile aipatayo mtu kwa siku chache kutokana na ardhi na anga. Hata hivyo, kidogo kinachorudiwa bila sababu hakina utetezi, hasa kwa watoto. Na mitambo mipya inayopiga taya kwa pande zote hutoa mionzi mingi zaidi. Picha ipigwe pale ambapo jibu lake litaamua tiba.

Tunatoa wito kwa Wizara ya Afya na wakuu wa hospitali za mikoa: kila mtambo unaonunuliwa uandamane na fungu la matengenezo, mafunzo ya watumishi, na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Zaidi ya yote, bei itazamwe upya. Ikiwa kung'oa ni rahisi kuliko kupiga picha na kuziba, basi maskini hachagui tiba; mfuko wake ndio umchaguliao.

Nao wananchi wana wajibu wao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa jino hata huo ukuta haujengeki, kwani jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena. Afikaye hospitali mapema humpa daktari nafasi ya kuziba. Tunasisitiza kwamba katika kila hospitali ya mkoa, jino lenye shaka lisiguswe na koleo kabla ya picha yake kutazamwa.