Harusi ilifana, ndoa haikuwapo

 Leo tumekusudia kuzungumzia filamu, jambo ambalo si ada ya ukurasa huu.

Filamu yenyewe ni The Wedding Banquet, yaani karamu ya harusi, iliyoongozwa na Ang Lee, mwana wa Taiwan, mwaka 1993. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin, ikigawana na filamu ya China. Mwaka 2025 ilitengenezwa upya na Andrew Ahn, na kisa kikahamishwa kutoka New York hadi Seattle. Ni filamu ya kuchekesha, na kicheko ndicho kinachoifikisha upesi kwenye simu za vijana wetu. Mzazi akisikia inahusu nini hukasirika, na mazungumzo huishia hapo. Sisi tumeona ndani yake mna jambo linalowagusa wazazi kuliko linavyowagusa vijana.

Kisa chake ni hiki. Wai-Tung, kijana wa Taiwan mwenye majumba ya kupangisha huko New York, anaishi kinyumba na mwanamume mwenzake aitwaye Simon. Wazazi wake hawajui. Wanachojua ni kwamba mwana wao amechelewa kuoa na wao wanataka mjukuu. Mama anamtumia kanda za sauti za kumhimiza, kisha wanamwandikisha kwa watafutaji wachumba. Kwa kutaka washindwe, kijana anataja sifa zisizopatikana: awe mwimbaji wa opera, mwenye shahada mbili za uzamivu. Wanampata aliyekaribia sana!

Ndipo Simon anapotoa shauri. Wai-Tung amuoe mpangaji wake Wei-Wei, binti mchoraji kutoka China asiye na kibali cha kuishi Marekani. Binti atapata makaratasi, wazazi watapata mkwe. Wazazi wanasafiri kuja, ndoa inafungwa ofisini kwa dakika chache, mama analia kwa kukosa sherehe, na mwenye mkahawa mmoja, aliyewahi kutumikia jeshini chini ya baba, anajitolea kufanya karamu kubwa. Usiku wa karamu pombe inafanya kazi yake, na Wei-Wei anapata mimba. Baadaye baba anaugua, mama anaambiwa siri na kutakiwa amfiche mumewe. Kumbe mzee anaelewa Kiingereza na alikwisha kujua zamani. Anampa Simon bahasha nyekundu ya zawadi na kumwomba asiseme, kwa kuwa asingekubali kudanganywa, asingepata mjukuu.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Hukumu ya sharia juu ya uhusiano wa watu wa jinsia moja inajulikana, na hatukukusudia kuirejea leo. Tunamtazama mzee huyu. Yeye mwenyewe ujanani alitoroka nyumbani na kuingia jeshini ili akwepe mke aliyechaguliwa na wakubwa wake, na uzeeni akaja kumshurutisha mwanawe. Si kwamba alidanganywa. Alikuwa mshirika katika uongo, na gharama ikalipwa na binti wa watu wengine.

Filamu ya mwaka 2025 inalionyesha hili wazi zaidi. Marekani ilikwisha kuruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima mwaka 2015, na Taiwan mwaka 2019, basi ungedhani kisa kimekosa msingi. Lakini kijana wa Kikorea aitwaye Min bado anafunga harusi ya uongo na mwanamke, kwa sababu mwenzake amekataa kumuoa na babu yake hatastahimili ukweli. Bibi anafika, anagundua mara moja, na bado anashikilia harusi ifanyike kwa fahari zote za Kikorea. Sheria ilibadilika, hofu ya wakubwa juu ya sura ya familia haikubadilika.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaijua ndoa ya makaratasi, ambayo kwa sheria ya Marekani ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Na hapa kwetu wapo wazee wanaosema, “Mwozeni, atatulia.” Binti ya mtu si dawa. Nchini China lipo hata neno maalumu, tongqi, la wanawake walioolewa na wanaume wa namna hiyo bila kuambiwa, na baadhi yao wamejitokeza kusimulia upweke wa miaka. Wei-Wei angalau alijua anachoingia.

Uislamu umeiweka walima, hata kwa mbuzi mmoja, ili ndoa itangazwe. Huko karamu ilitumika kuficha kwamba ndoa haipo. Na ridhaa ni jambo kubwa: Bi Khansaa bint Khidham alipoozwa na babake bila kutaka, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa. Ridhaa ya mtu aliyefichwa habari nzito kiasi hiki ni ridhaa ya nini?

Hata hivyo, asichukue mtu maneno yetu akaanza kumtilia shaka kila kijana asiyeoa. Wapo wasio na mahari, wapo wagonjwa, na wapo walioshughulishwa na elimu. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake tunavisoma kila darsa, alifariki hajaoa. Kupeleleza siri za watu kumekatazwa. Kijana akisema hataki kuoa, aulizwe sababu kwa upole na faragha kabla ya kupelekwa posa popote, na asitishwe kwa kufukuzwa nyumbani, kwani kitisho hicho ndicho kinachozaa uongo.

Filamu ya Ang Lee inaishia uwanja wa ndege. Wanafungua albamu ya picha za harusi, wanacheka, kisha wazee wanaondoka kurudi Taiwan wakiwa wameridhika. Wei-Wei anabaki na mimba yake, mume wa makaratasi, na mwenzake mumewe.