Mtetemo uwe wa mvaaji, si wa mpigaji

Mwaka 1969, Paul Bach-y-Rita na wenzake huko San Francisco walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watengenezaji wa saa za kisasa wangefaa kulisoma upya. Waliwakalisha watu wasioona kwenye kiti chenye vitetemeshi 400 mgongoni, vilivyounganishwa na kamera ya televisheni. Kamera ilipoendeshwa na mtu mwingine, aliyeketi alihisi mtekenyo wa mgongoni, basi. Alipoishika na kuielekeza mwenyewe, mtekenyo ule uligeuka kitu kilichokuwa mbele yake, na baada ya mazoezi akatambua simu, kikombe, kiti. Mashine ilikuwa ileile, na ngozi ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeiongoza.

Hapo ndipo ninapopimia vifaa vyote vya kuvaa vinavyozungumza na ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Osnabrück, Ujerumani, walitengeneza mkanda wa kiunoni ambao kitetemeshi kinachoelekea kaskazini ndicho hutetema. Ukigeuka, mtetemo unazunguka kiuno nawe. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005, baadhi ya waliouvaa kwa wiki kadhaa walieleza kuwa waliacha kuusikia mtetemo wenyewe, wakawa wanajua tu nyumbani kuko upande gani. Sasa linganisha na mkono uliovaa saa inayotetema kwa kila ujumbe wa kundi la harusi, kila tangazo la punguzo la bei. Hakuna mwendo wa mvaaji uliouleta mtetemo huo, kwa hiyo mwili hauna cha kujifunza ila kukaa chonjo. Huenda hilo ndilo lililoonekana katika utafiti uliotoka mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliohusu wahudumu wa hospitali moja ya Massachusetts, Marekani: asilimia 68 ya waliojibu walikuwa wamewahi kuhisi simu au peja ikitetema ilhali imetulia tuli.

Utaambiwa mitetemo huzimika. Kweli, ila kifaa hutoka dukani kikiwa kimewashiwa karibu yote, na wengi wetu hatufiki kwenye mipangilio. Hoja nzito zaidi ni ya mzazi kiziwi anayeamshwa na bangili mtoto anapolia: huo nao ni wito wa mwingine, na hakuna mwenye akili atakayeupinga. Lakini mzazi huyo ameuchagua wito mmoja, anajua maana yake, na usiku ambao mtoto halii wito huo haupo kabisa. Muuza viatu wa mtandaoni hana haki ya wito kama huo juu ya kifundo cha mkono wa mtu.

Basi unayenunua saa ya namna hii, siku ya kwanza zima mitetemo yote. Kisha washa mmoja mmoja, ule tu ambao ungekubali mtu akuguse bega usingizini kwa ajili yake.