Ruta Haihitaji Ramani ya Mji Mzima

Wako watu, na baadhi yao ni wataalamu wa kuheshimiwa, wanaonena kwamba itafika siku ambapo kila simu itapokezana habari na simu jirani yake, minara yote iachwe ipate kutu, na mji mzima uzungumze bila ya kumlipa mtu hata senti moja. Dhana hiyo inapendeza, nami siibezi. Walakini tabu yake haimo katika kurusha mawimbi, bali imo katika kuijua njia, na kadhia hiyo wameionja watu wa Berlin kabla yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaazi wa mji ule waliojiita Freifunk walianza kutundika ruta ndogo madirishani na mapaani, na baadaye hata katika minara ya makanisa, kila moja ikijitafutia majirani yenyewe pasi na fundi mkuu wa kuipangia. Kanuni waliyoitumia, OLSR, iliyotungwa na wataalamu wa INRIA ya Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003, hukitaka kila kituo kieneze habari za majirani zake, hata kila kimoja kiwe na ramani ya mtandao wote na kupiga hesabu ya njia kwa nafsi yake. Vituo vikiwa thelathini, hilo ni jambo jepesi. Lakini ruta iliyopendwa zama zile, kama Linksys WRT54GL, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16 tu na prosesa ya megahezi 200. Na mtandao ulipofikia vituo 450 hivi, kisanduku cha namna hiyo kilihitaji sekunde kadhaa kuihesabu ramani mara moja, ilhali mawimbi hayamngojei mtu, na njia iliyokuwa njema hesabu ilipoanza yawezekana imekwisha haribika.

Dawa waliyoibuni, kuanzia mwaka 2006, ni kanuni ya B.A.T.M.A.N., ambayo kwayo hakuna kituo kinachoijua njia nzima. Kila kimoja hutangaza kwamba kipo, majirani huupokeza mbele ujumbe huo, na anayeupokea huangalia tu ni jirani yupi anayemletea habari za kituo fulani kwa wingi na kwa uhakika zaidi. Akiwa na mzigo wa kwenda huko, humkabidhi jirani huyo, basi. Ndivyo mgeni anavyoifikia nyumba katika vichochoro vya Lamu: huuliza kila penye kona, wala hahitaji kuchorewa mji.

Hata hivyo matangazo nayo hula hewa, na vituo vikizidi mno hubidi mtandao ukatwe vipande. Isitoshe, mwaka 2000 Gupta na Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois walithibitisha kwa hesabu kwamba, vituo vilivyotawanyika vikiwasiliana ovyo, wa karibu na wa mbali, fungu la kila kimoja hupungua kadiri wengine wanavyoongezeka: vikizidi mara mia, fungu hupungua zaidi ya mara kumi. Hakuna kanuni ya njia iwezayo kuitangua hesabu hiyo, kwani kila kituo hutumia sehemu ya hewa yake kubeba mizigo ya wenzake.

Kinachobaki ni kufupisha safari. Waliojenga TunapandaNET huko Kibera, Nairobi, wakiunganisha shule na vituo vya vijana na kuyaweka masomo katika seva iliyo humo humo mtaani, kwa rai yangu wameishika hoja kuliko wale waotao mji usio na mnara: mwanafunzi anayelitafuta somo halilazimishi lipite mikononi mwa vituo ishirini. Basi mfadhili au afisa wa leseni akiletewa mradi wa namna hii, asishughulike na idadi ya ruta zitakazotundikwa. Na aulize seva itakaa wapi, na ni vituo vingapi vitapokezana mzigo kabla ya kuufikia waya.