Kuku mwenye vifaranga na mtoto mwenye hofu



Kila anayefuga kuku ameona jambo hili. Kuku anayemkimbia mbwa wa jirani kila siku, akitoka na vifaranga vyake anabadilika. Manyoya yanasimama, mabawa yanafunguka, anamfuata mbwa mpaka mbwa anarudi nyuma. Mdomo wake ni uleule wa jana, na kucha ni zilezile. Kilichobadilika kimo kichwani.

Ninaanza na kuku kwa sababu ya swali la mama mmoja wa kikundi chetu hapa Butembo. Jamaa yake ilikimbia kijiji cha upande wa Oicha, na leo wanalala watu 8 katika chumba kimoja. Mtoto wake wa kiume ana miaka 9. Mlango ukifungwa kwa nguvu, au pikipiki ikilipuka barabarani, mtoto anasimama kama mti. Mtu akimshika bega ili amtoe pale, anapiga, anauma. Juzi alimwuma dada yake mkononi. Baba alimsukuma pembeni akamchapa fimbo, na mtoto akazidi. Mama anauliza: "Mtoto wangu amekuwa mbaya?"

Nitamjibu, lakini kwanza tuwatazame wanyama.

Ingia ghafula jikoni simbilisi wanapokula majani. Kwanza wote wananyamaza, hakuna anayetafuna wala kusogea. Ukipiga hatua nyingine, wanakimbilia chini ya kuni. Ukimbana mmoja kwenye kona na kumshika vibaya, hata huyo mpole anaweza kukuuma. Ni hatua tatu: kuganda, kukimbia, kupigana. Huko Hawaii, Robert na Caroline Blanchard walichunguza jambo hili kwa panya wa porini. Mtu alipowakaribia na njia ilikuwa wazi, panya walikimbia. Njia ilipofungwa, waliganda. Mtu alipofika karibu kabisa, walipiga kelele na kumrukia. Panya ni yuleyule. Alichotazama ni vitu viwili: hatari iko umbali gani, na je, kuna mahali pa kutokea?

Mambo haya yanaamuliwa ndani sana ya ubongo. Daktari mmoja wa Uswisi, Walter Hess, aliingiza waya nyembamba sana katika ubongo wa paka, mpaka sehemu ndogo iliyo chini, iitwayo hipothalamasi. Alipopitisha umeme kidogo, paka aliyekuwa ametulia alikunja mgongo, akasimamisha manyoya, akatoa meno na kurusha kucha, kana kwamba mbwa yuko mbele yake. Umeme ulipokatwa, alitulia tena. Kwa kazi yake juu ya sehemu hiyo ya ubongo Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Katika miaka ya 1960, John Flynn na wenzake kule Marekani walionyesha jambo lingine. Wakigusa upande mmoja wa hipothalamasi, paka anapiga kelele na kujikinga. Wakigusa upande mwingine, paka yuleyule anamnyemelea panya kimya kimya na kumwuma shingoni, bila manyoya kusimama. Kwa hiyo kuna ukali wa kuwinda na kuna ukali wa kujilinda, na kila mmoja una njia yake kichwani. Kwa macho yetu yote ni kuuma tu, lakini anayejilinda anaogopa.

Nani anapiga kengele ya hofu? Kuna sehemu yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Panya akisikia mlio fulani na papo hapo apigwe na umeme miguuni, baada ya mara chache anauogopa mlio wenyewe. Anaganda hata umeme usipokuja. Amigdala imejifunza, na inajifunza haraka, kwa sababu anayechelewa kujifunza hatari anakufa. Kusahau ndiko kunakochelewa. Panya husikilizishwa mlio ule mara nyingi bila umeme, na polepole hofu inapungua. Lakini somo la zamani halifutiki. Somo jipya la usalama linawekwa juu yake, na panya akishtushwa tena, la zamani linaweza kurudi.

Na yule kuku? Mnyama akiwa na watoto, mwili wake unabadilika. Panya anayenyonyesha humshambulia dume mgeni ambaye kabla ya kuzaa angemwepuka. Homoni zinashiriki katika kazi hiyo, na mojawapo ni oksitosini, ileile inayofanya maziwa yetu yatoke mtoto anaponyonya. Wamama waliobeba watoto mgongoni usiku, wakapita mahali ambapo peke yao wasingethubutu kupita, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa niweke onyo moja. Kama mbwa anauma watu bila kuchokozwa wala kubanwa, mate yanamtoka, au mbwa mkali amekuwa mpole ghafula, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Virusi vyake hupita kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na huko vinaharibu njia hizi tulizozitaja. Mtoto akiumwa, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku ileile kwa ajili ya chanjo. Msingoje kuona kama ataugua. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Sasa, mama, nikujibu. Mtoto wako si mbaya. Tangu Oktoba 2014 watoto wengi wa Beni wamejifunza milio ambayo mtoto hapaswi kuijua. Kengele ya mwanao ilijifunza vizuri, na huenda ndiyo iliyomfanya akimbie siku ile. Kosa lake ni kulia hapa, ambapo ni mlango tu. Anapoganda yuko katika hatua ya kwanza ya simbilisi. Anayemshika bega kwa nyuma anamfikisha kwenye hatua ya tatu. Na fimbo kwenye kona ni sawa na umeme wa yule panya: inamhakikishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Jaribuni hivi. Akiganda, msimshike. Simama mbele yake pale anapoweza kukuona, hatua mbili au tatu mbali, uchuchumae, na uache mlango wazi. Mwite jina kwa sauti ya chini, umwambie mlio ulikuwa nini: "Ni mlango. Upepo umeusukuma. Mimi niko hapa." Ngoja. Atakapotulia, ndipo umwonyeshe mkono wa dada yake, na aende kumwomba msamaha, maana kuuma bado ni kosa. Mchana, akiwa na furaha, fungeni mlango pamoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu kidogo, yeye mwenyewe akiushika. Hilo ndilo somo jipya, na linahitaji siku nyingi. Akikosa usingizi kwa majuma, akikojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au akikataa kula, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze yote.

Mwambie baba pia, lakini usimwambie mbele ya watoto. Naye alikimbia usiku uleule, na yawezekana fimbo yake inatoka mahali palepale mtoto anapotolea meno. Mpe nafasi ya kukusikiliza bila kumbana kwenye kona.

Swali la kikundi wiki hii: nyumbani kwako nani anaganda, nani anakimbia, nani anapiga? Na wewe mwenyewe, mlio gani bado unakushtua? Tukikutana Alhamisi, kila mmoja aseme kwa hiari yake. Asiyetaka kusema asikilize tu, akae karibu na mlango akitaka.